Jinsi ya Kulinganisha Visomaji vya Vitabu Pepe na Kuchagua Kinachokufaa

Anayetaka kununua kisomaji cha vitabu pepe kwa kawaida huanza kwa kulinganisha vioo, betri na bei, na maduka humrahisishia kazi hiyo kwa jedwali refu la sifa. Utaratibu huo una faida yake, ila umeanzia katikati. Visomaji vya siku hizi vinafanana sana kwa umbo, na karibu vyote hutumia vioo vya wino wa kielektroniki vya kampuni moja, E Ink, iliyoanzishwa mwaka 1997 na watu waliotoka katika maabara ya chuo cha MIT nchini Marekani. Ndani ya kioo hicho mna vidonge vidogo mno vyenye chembe nyeupe na nyeusi, ambazo huvutwa juu au chini kwa umeme na kubaki pale zilipo bila kuhitaji umeme zaidi. Ndiyo maana ukurasa husomeka vizuri hata juani, na betri hudumu kwa wiki kadhaa. Ukiviweka mezani visomaji viwili vya bei ya kati, kutoka kampuni mbili tofauti, msomaji wa kawaida atapata taabu kuvitofautisha kwa macho.

Tofauti kubwa iko katika vitabu vitakavyoingia ndani ya kifaa na njia vitakayopitia. Jambo hilo lina uzito wa pekee kwa msomaji wa Afrika Mashariki, kwa kuwa vitabu vyake havitoki katika duka moja, na kifaa kinachomfaa msomaji wa Marekani kinaweza kumwacha yeye na kioo kizuri kisicho na cha kusoma. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na vitabu, kisha unakuja kwenye kifaa.

Hatua ya kwanza: Orodhesha utakavyosoma

Andika vitabu kumi au kumi na viwili unavyotaka kusoma mwaka huu, na mbele ya kila kimoja uandike kitapatikana wapi na kwa faili la aina gani. Usikisie, fungua simu ukatafute kimoja kimoja. Wasomaji wengi wa kwetu wakimaliza zoezi hili hujikuta na mafungu manne: riwaya na vitabu vya maarifa vya Kiingereza vinavyouzwa katika maduka makubwa ya mtandaoni, vitabu vya Kiswahili vya wachapishaji wa Nairobi na Dar es Salaam, ambavyo vingine havijawahi kutolewa kwa njia ya kidijitali kabisa, mafaili ya PDF ya tasnifu, makala za kitaaluma, sheria na mitihani iliyopita, na vitabu vya bure, kama vile hadithi za watoto za African Storybook au vitabu vya zamani vilivyo katika Project Gutenberg.

Fungu lililo kubwa kuliko mengine ndilo linalochagua kifaa. Kama fungu hilo ni la vitabu visivyopatikana kidijitali, basi nunua vitabu vya karatasi na uiweke akiba hiyo ya fedha, kwa sababu hakuna kisomaji kitakachovileta.

Hatua ya pili: Elewa duka na aina za mafaili

Kindle ya Amazon, iliyoingia sokoni Novemba 2007, imejengwa kuzunguka duka la Amazon. Ukinunua kitabu humo, kinafika kwenye kifaa baada ya muda mfupi na huhitaji kujua lolote kuhusu mafaili. Kobo, iliyozaliwa Toronto mwaka 2009 na ambayo sasa ni mali ya kampuni ya Rakuten ya Japani, ina duka lake pia, lakini husoma moja kwa moja faili la EPUB, ambalo ndilo aina inayotumiwa na wachapishaji wengi duniani. PocketBook, yenye asili ya Ukraine na makao makuu Uswisi, husoma aina nyingi zaidi za mafaili bila kuyabadili. Boox, ya kampuni ya Onyx kutoka China, ni kama tableti ya Android yenye kioo cha wino wa kielektroniki, kwa hiyo unaweza kuiwekea programu za maduka mbalimbali.

Tofauti hizi huonekana siku unapopata faili la EPUB kutoka kwa rafiki mwandishi au mchapishaji mdogo. Kwa Kobo, unachomeka waya wa USB kwenye kompyuta, unalinakili faili kama unavyonakili kwenye flashi, unachomoa, na kitabu kinatokea. Ukifanya hivyohivyo kwa Kindle, faili litanakiliwa lakini kitabu hakitaonekana, kwa sababu Kindle haisomi EPUB iliyoingizwa kwa waya. Inabidi ulitume kwa huduma ya Send to Kindle, ambayo hulibadili likiwa njiani, au ulibadili mwenyewe kwa programu ya bure iitwayo Calibre. Si kazi ngumu, ila huduma hiyo inahitaji intaneti na akaunti ya Amazon, na programu inahitaji kompyuta, ambayo si kila msomaji anayo.

Kuna pia suala la kufuli la kidijitali. Vitabu vingi vinavyouzwa na maduka makubwa vimefungwa ili visifunguke nje ya mfumo wa muuzaji, na unapolipa unapata ruhusa ya kusoma, si umiliki kama wa kitabu kilichoko rafuni. Julai 2009 Amazon ilifuta kutoka ndani ya Kindle za wateja vitabu viwili vya George Orwell baada ya kugundua kwamba aliyeviuza hakuwa na haki navyo. Wateja walirudishiwa fedha na kampuni ikaomba radhi, lakini watu walikuwa wameshaona jinsi mkono wa muuzaji unavyofika mbali. Microsoft ilipofunga duka lake la vitabu mwaka 2019, vitabu vilivyonunuliwa humo vilitoweka, na wanunuzi wakarudishiwa fedha zao. Februari 2025 Amazon iliondoa njia iliyowawezesha wanunuzi kupakua vitabu vyao kwenye kompyuta na kuviingiza kwa waya. Simaanishi kwamba Kindle iepukwe. Namaanisha kwamba anayeinunua ajue anaingia katika nyumba ya mtu, hata kama ni nyumba nzuri.

Vitabu vya Afrika Mashariki vina mkondo wao. eKitabu ya Nairobi, kwa mfano, huuza vitabu vinavyosomwa kupitia programu yake. Kindle, Kobo na PocketBook hazipokei programu ya namna hiyo. Ikiwa vitabu vyako vya lazima viko katika programu ya Android, hapo Boox ina hoja; la sivyo, simu uliyo nayo inatosha.

Kwa Waswahili walioko ughaibuni, maktaba ya umma inaweza kuamua suala zima. Kobo ina huduma ya OverDrive ndani yake, na mtu mwenye kadi ya maktaba inayotumia huduma hiyo huazima kitabu bila kutoka kwenye kifaa. Kindle huazima kwa njia ya OverDrive kwa maktaba za Marekani pekee. Anayeishi Toronto au London na anayependa kuazima hana sababu kubwa ya kuchagua Kindle, ilhali anayeishi Minneapolis, Marekani, yuko huru kuchagua chochote.

Kabla ya kulipia kifaa chochote, lijaribu duka lake kwa simu. Kindle na Kobo zote zina programu za bure: fungua akaunti ukiweka nchi unayoishi kweli, pakua sampuli, kisha ununue kitabu kimoja cha bei ndogo kwa kadi utakayoitumia baadaye. Kenya, wengi hutumia kadi ya Visa ya M-Pesa GlobalPay, iliyoanza mwaka 2022, na kwingineko benki na kampuni za simu zina kadi za mtandaoni zinazofanana nayo. Malipo yakikataliwa au kitabu kikionekana hakiuzwi katika nchi yako, umelijua tatizo kabla hujatoa fedha nyingi.

Hatua ya tatu: Pima kioo kwa rula, hasa kama unasoma PDF

Hapa ndipo wanafunzi wa vyuo hupotelea. Kitabu cha EPUB hujipanga upya kulingana na kioo, kwa hiyo inchi 6 zinamtosha msomaji wa riwaya. PDF haijipangi, ni picha ya ukurasa wa karatasi, na mara nyingi karatasi hiyo ni A4, yenye upana wa milimita 210. Kioo cha inchi 6 kina upana wa milimita 91 hivi. Ukiuonyesha ukurasa mzima, kila kitu kinapungua na kuwa chini ya nusu, na herufi za ukubwa wa 12 zinakuwa kama za ukubwa wa 5, ndogo kuliko maandishi ya maelezo yaliyokunjwa ndani ya boksi la dawa. Kwa inchi 7 herufi hizo zinakuwa kama za 6, na kwa inchi 10.3 zinafika karibu 9, ambazo mtu anasoma bila kukunja uso.

Ipo njia ya kumwokoa mwenye kioo kidogo. Kata pambizo nyeupe za ukurasa, kisha kilaze kifaa ili usome kwa upana. Tasnifu yenye pambizo za sentimita 2.5 kila upande ina maandishi yenye upana wa milimita 160 tu, na kioo cha inchi 7 kilicholazwa kina upana wa milimita 142 hivi. Herufi za 12 zinarudi kuwa kama za 10 na nusu, na kila ukurasa unausoma kwa vipande viwili au vitatu. KOReader, programu ya bure inayowekwa kwenye Kobo, PocketBook na Android, hufanya kazi hii vizuri kuliko programu nyingi zinazokuja na vifaa; kwenye Kindle huwezi kuiweka bila kwanza kuvunja ulinzi wa kifaa, jambo ambalo simshauri mtu asiyependa kuhangaika na vifaa.

Njia hiyo ina mipaka. Makala zenye safu mbili, majedwali mapana ya takwimu, na kurasa zilizoskaniwa zikiwa zimepinda na kuwa na kivuli cha kidole gumba pembeni hazitasomeka vizuri kwenye kioo kidogo kwa hila yoyote. Kwa hiyo, mwanafunzi ambaye nusu ya usomaji wake ni PDF ama anunue kifaa cha inchi 10 au zaidi, kama vile Boox Note Air au Kindle Scribe, ama aendelee na kompyuta yake. Kununua cha inchi 6 kwa sababu ya bei, huku ukijua utasomea PDF, ni kulipa kidogo kwa kitu usichokihitaji.

Kuhusu ukali wa maandishi, tafuta nukta 300 kwa inchi. Karibu vifaa vyote vipya vidogo vinafikia hapo, lakini Kindle ya msingi ya mwaka 2019, ambayo bado inazunguka katika soko la mtumba, ina 167, na tofauti yake huonekana kwenye kingo za herufi.

Hatua ya nne: Mwanga, rangi, maji na vumbi

Mwanga wa kisomaji hautoki nyuma ya kioo kama wa simu, bali hutoka pembeni na kumulika uso wa ukurasa. Vifaa vya bei ya kati huwa na mwanga unaoweza kugeuzwa kuwa wa manjano, unaopendeza zaidi usiku. Kindle ya msingi haina mwanga huo wala haistahimili maji. Kindle Paperwhite na Kobo Clara BW zina vyote viwili.

Vioo vya rangi, kama vya Kobo Libra Colour na Kindle Colorsoft, vyote vya mwaka 2024, vinapendeza kwa vitabu vya watoto na michoro, lakini rangi zake ni tulivu kama za gazeti, ukali wa rangi ni nusu ya ule wa maandishi meusi, na katika vingi vyake mandharinyuma huwa na weusi kidogo. Kwa msomaji wa riwaya ni gharama isiyo na faida.

Alama ya IPX8, ambayo kampuni hizi huieleza kuwa ni kukaa katika maji yasiyo ya chumvi kwa kina cha mita 2 hadi dakika 60, huwatia watu moyo kupita kiasi. Herufi X katika alama hiyo maana yake ni kwamba kinga dhidi ya vumbi haikupimwa. Mkazi wa Dodoma au Garissa ana sababu ya kuhofia vumbi kuliko maji, hasa katika tundu la kuchajia. Joto nalo ni adui: Amazon hutaja nyuzi 35 za Selsiasi kuwa kikomo cha kutumia Kindle, na gari lililoegeshwa juani Dar es Salaam au Mombasa hupita hapo kwa mbali.

Hatari kubwa kuliko zote, hata hivyo, ni kioo kuvunjika. Uso wa kisomaji unaweza kuwa wa plastiki, lakini chini yake mara nyingi kuna bamba jembamba la kioo ambalo hupasuka likibanwa, bila hata uso kuonyesha ufa. Unachoona ni nusu ya ukurasa imeganda na mistari haifutiki. Shirika la Worldreader lilipoanza kupeleka Kindle katika shule za Ghana mwaka 2010, kuvunjika kwa vioo kulikuwa miongoni mwa matatizo yake makubwa. Begi linalokandamizwa katika daladala iliyojaa linatosha kuleta hasara hiyo, kwa hiyo kava gumu lenye kufunika kioo lihesabiwe kuwa sehemu ya bei tangu mwanzo.

Hatua ya tano: Kiswahili ndani ya kifaa

Herufi za Kiswahili hazina tatizo kwenye kifaa chochote. Tatizo liko kwenye upangaji wa mistari. Vitenzi vyetu ni virefu, na mstari ukinyooshwa pande zote mbili kwenye kioo kidogo chenye herufi kubwa, mapengo mapana hutokea kati ya maneno. Dawa yake ni kunyoosha upande wa kushoto peke yake, kwa hiyo hakikisha kifaa kinakupa chaguo hilo; Kobo na Kindle mpya zinalo.

Vitabu vingi vya Kiswahili, hasa vya watunzi wanaojichapishia, vina kosa jingine: ndani ya faili vimeandikwa kuwa ni vya Kiingereza, kwa sababu aliyelitengeneza hakubadili mpangilio. Kifaa kinapokata maneno mwishoni mwa mstari, hufuata kanuni za Kiingereza bila kujali silabi zetu. Calibre hukuruhusu kurekebisha lugha ya kitabu kabla ya kukiingiza.

Kamusi ya Kiswahili haimo katika Kindle wala Kobo. KOReader inaweza kupokea kamusi za kuongezwa, lakini ukibonyeza neno kama "walivyotuandalia" usitarajie jibu, kwa kuwa kamusi hupanga vitenzi kwa mashina. Anayesoma vitabu vya dini vyenye aya za Kiarabu katikati ya maandishi ya Kiswahili atafute mtu mwenye kifaa hichohicho na ajaribu faili lake mwenyewe kabla ya kununua, maana mpangilio wa kulia kwenda kushoto hutegemea kifaa, programu na jinsi faili lilivyotengenezwa.

Hatua ya sita: Hesabu bei kamili

Mwaka 2024 Kindle ya msingi iliuzwa Marekani kwa takriban dola 110, Kobo Clara BW kwa 130, na Paperwhite kwa 160. Bei hizo ni mwanzo tu. Ongeza usafirishaji, ushuru wa forodha kama upo, kodi ya ongezeko la thamani, ambayo ni asilimia 16 Kenya na 18 Tanzania Bara, na kava. Kindle za bei nafuu zaidi huwa ni zile zinazoonyesha matangazo kwenye kioo kinapokuwa kimelala. Kuyaondoa hugharimu dola 20. Usilipe zaidi kwa ajili ya nafasi ya kuhifadhia, kwani riwaya moja huchukua megabaiti moja au mbili, na gigabaiti 16 zitakutosha hadi uzeeni. Kuhusu waranti, uliza kifaa kikiharibika kitarudishwa wapi na nani atalipa nauli yake. Muuzaji wa mjini kwako mwenye bei ya juu kidogo na anayekubali kukibadilisha ni bora kuliko bei ya chini kutoka ng'ambo.

Kwa kifaa cha mtumba, usikubali picha za mtandaoni peke yake. Kiwashe na uingie kwenye mipangilio uone kama jina la mwenye awali bado lipo. Likiwepo, aliondoe mbele yako, kisha ukisajili kwa akaunti yako hapohapo ukitumia intaneti ya simu. Kindle iliyoripotiwa kuibwa inaweza kukataa kusajiliwa. Punguza mwanga wa chumba, washa mwanga wa kifaa, na utazame kama kuna mabaka au nukta zinazong'aa. Fungua kurasa ishirini mfululizo ukiangalia mistari isiyofutika. Mwisho tazama tundu la kuchajia: vifaa vya kabla ya mwaka 2021 vingi vina tundu la zamani la micro-USB, ambalo hulegea mapema kuliko USB-C.

Hatua ya saba: Amua, kisha ujaribu mapema

Kwa msomaji wa riwaya za Kiingereza ambaye malipo yake ya Amazon yalikubaliwa katika hatua ya pili, Paperwhite ndiyo njia isiyo na usumbufu. Kwa mwenye mafaili yake mwenyewe, au anayependa kununua huku na huku, ningechagua Kobo Clara BW, na PocketBook kama inapatikana kwa bei nzuri zaidi. Kobo ina sababu ya ziada: tangu 2024 kampuni hiyo inashirikiana na iFixit kutoa vipuri na maelekezo ya matengenezo kwa miundo yake mipya. Boox nawaachia wenye PDF nyingi au wanaohitaji programu za Android, mradi wakubali kwamba betri haitadumu kama ya wengine na kwamba mipangilio yake inahitaji subira.

Kifaa kikifika, kitumie sana ndani ya muda ambao muuzaji anakubali kurudishiwa. Ingiza faili moja kutoka kila fungu la orodha yako ya kwanza, soma dakika kumi juani na dakika kumi gizani, kichaji hadi kijae, na ukiache siku mbili kikiwa kimelala na intaneti ikiwa imezimwa. Betri ikishuka kwa zaidi ya asilimia chache katika siku hizo mbili, kirudishe dukani ukiwa na risiti na boksi lake.